Landrova Tuliyoiita Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 8 Septemba 1997, saa mbili na robo asubuhi, niliiona gari ya polisi ambayo nilikuwa nimeizika kwa mikono yangu mwenyewe.

Ilikuwa pale Kigongo, kwenye foleni ya feri. Injini inanguruma. Ndani wamejaa watu wenye sare. Herufi zake zimekaa mlangoni kama siku niliyozichora.

Nikashika bomba la geti.

Ngojeni niwaeleze taratibu.

Humu kundini mna siku ya tatu mnabishana gari gani ya polisi ilikuwa kiboko ya zote. Mmebandika picha kuanzia Landrova za miaka ya sitini. Kuna wa Pijo 504. Kuna mmoja anasifia karandinga la mahabusu, huyo nadhani hajawahi kulipanda. Vijana wengi mnasema Difenda.

Sikuwa na nia ya kuandika. Mimi ni darasa la nne, na mambo ya serikali nilishayachoka zamani.

Ila jana binti mmoja anaitwa Modesta akabandika picha ya koplo kijana ameegemea Difenda mpya, nyuma yake feri ya Kigongo. Chini akaandika: "Marehemu baba yangu, Koplo Chenge. Difenda ndiyo aliipenda. Alifukuzwa kazi mwaka huo huo wa 97."

Niliitazama hiyo picha mpaka chai ikapoa mezani.

Basi na mimi naweka gari yangu.

Nilikuwa fundi rangi. Kuanzia mwaka 1974, kwenye karakana moja ya mjini Mwanza ambayo jina lake naliacha, gari nyingi za polisi zilipita kwenye brashi yangu.

Nimezipaka zile Landrova za kwanza, taa zake mbili zimekaa karibu karibu kama macho ya chura. Nimeipaka Pijo ya mkubwa, ambayo hata kuiegemea ilikuwa kosa. Nimelipaka karandinga kwa ndani, ambako waliobebwa walikuwa wamekwaruza majina yao na tarehe kwa misumari. Nikaambiwa nifute yote. Nikafuta.

Lakini niliyoipenda ni Landrova 109 moja, iliyokuja mpya mwaka 1978. Tuliiita Mama Mkwe.

Kwetu Usukumani, zamani mwanaume akikutana na mama mkwe njiani, anatoka njiani. Anasimama pembeni, anaangalia chini mpaka mama apite. Na hiyo Landrova ilikuwa hivyo hivyo. Ikitokea barabara ya Mabatini, baiskeli zinaingia mtaroni, mikokoteni inapisha, hata mbuzi wanajua.

Herufi za mlangoni nilizichora kwa mkono, bila kibao cha kufuatishia herufi. P, O, L, I. Nilipofika kwenye S, mtu akanigusa bega.

"Fundi, uji wako unapoa."

Alikuwa Bernadeta. Enzi hizo anauza uji getini kwetu, bado hatujaoana. Mkono ukaenda pembeni, S ikalala kidogo upande wa kulia.

Nikasema nitairekebisha kesho. Sikuirekebisha. Tulipooana, kila alipoiona ile gari mjini alikuwa anasema, "Ile ni S yangu, Baba Kija. Hiyo polisi yote ni yao, ila S ni yangu."

Miaka kumi na sita ile gari ilifanya kazi. Imevuka matope, imebeba wezi, imebeba wazazi kwenda kujifungua. Haikuwahi kulala njiani.

Ndipo wakubwa wakaja na mambo yao ya kubinafsisha.

Mwaka 1994 tukaambiwa gari kuukuu zinauzwa mnada, na karakana inapunguza watu. Mama Mkwe ikauzwa siku ya kwanza. Nani kainunua hatukuambiwa, tuliona karatasi tu.

Bosi wetu alikuwa Ndalahwa, mtu wa suruali iliyopigwa pasi na maneno machache. Akaniita.

"Masele, kesho mnunuzi anachukua. Futa maandishi ya polisi."

"Rangi iko wapi, bosi?"

"Si ipo stoo."

"Stoo kuna mfuko wa chokaa na panya."

"Basi paka chokaa."

Nikadhani anatania. Gari ni ya buluu, maandishi meupe, chokaa itafanya nini? Akaniambia, "Wewe si fundi? Changanya na buluu ya kufulia."

"Bosi, mvua moja tu itaivua."

"Hayo ni ya mnunuzi."

Nikachanganya chokaa na buluu ya kufulia kwenye ndoo, nikapaka. Kwa mbali ilipendeza. Kisha Ndalahwa akaleta karatasi iliyoandikwa kwa mashine, akaweka kidole mahali pa kutia sahihi. Nikatia. Sikuisoma, na hata ningeisoma ilikuwa ya Kiingereza.

Wiki iliyofuata majina ya waliopunguzwa yakabandikwa ukutani. Langu lilikuwa la pili. La Ndalahwa halikuwemo. Bernadeta nilimwambia nimepunguzwa; kwamba Mama Mkwe imeuzwa sikumwambia.

Tukaishi Igogo, chumba kimoja, kwa mgongo wa Bernadeta. Akaanza kuuza mitumba. Kila baada ya wiki mbili anavuka ziwa kwa feri, Kigongo hadi Busisi, anakwenda hadi kwa wachimbaji wa dhahabu upande wa Geita, anarudi. Anasafiri na jirani yetu Wilhelmina, mwanamke mrefu asiyeogopa mtu.

Jumamosi ile ya Septemba akanitumia ujumbe kupitia kwa dereva mmoja: ana homa, Jumatatu asubuhi anarudi na pikapu ya kwanza, nikampokee Kigongo, mzigo hauwezi.

Ndiyo maana nilikuwepo.

Sasa rudini pale kwenye bomba la geti.

Nilijiambia macho yananidanganya. Nikasogea. Nikaitazama ile S. Imelala upande wa kulia.

Nikatazama namba. Zilianza na PT kama za polisi, lakini zimechorwa kwa brashi, na aliyezichora hakujua kazi. Namba tatu yake ilikuwa na tumbo kubwa.

Kisha nikatazama chini.

Aliyekaa mbele alikuwa amefungua mlango, mguu mmoja nje. Begani ana nyota. Shati limepigwa pasi. Mguuni amevaa katambuga, zile ndala za matairi.

Jamani, nimefanya kazi na polisi miaka ishirini. Afande wa nyota hawezi kutoka na sare na katambuga.

Nikarudi nyuma hatua moja.

"Mzee, umepoteza kitu?" akaniuliza.

"Hapana, afande. Naangalia tu."

"Unaangalia nini?"

Hapo ndipo ufundi uliponiponza. Sijui kwa nini sikunyamaza. Kinywa kikasema chenyewe: "Hiyo S. Niliichora mimi."

Akageuka kwa wenzake nyuma. "Jamani, mwenye S yake huyu hapa."

Wakacheka. Mmoja tu hakucheka, alikuwa anafuta bunduki kwa kitambaa, polepole, kama mtu anayefuta sahani.

Mwenye nyota akashuka. Akaniwekea mkono begani kama ndugu.

"Kumbe wewe ndiye Masele."

Hakuwa anauliza.

"Jina lako tunalo, baba. Liko kwenye karatasi za hii gari, chini ya kiti pale. Imeandikwa wewe umefuta kila kitu kwa rangi ya mafuta, mara mbili. Umetia na sahihi. Sasa mbona sisi tumeiosha na maji ya ziwa tu, ikatoka yote?"

Akanisogelea sikioni.

"Siku tukishikwa," akasema, sauti ya chini, "wa kwanza kufuatwa ni wewe. Sisi tumenunua gari iliyofutwa. Wewe ndiye ulidanganya serikali. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Haya. Toka njiani, Mama Mkwe anapita."

Hata hilo jina alilijua. Jina hilo halikuandikwa popote. Lilikuwa la sisi wa karakana na madereva, basi.

Nikatoka njiani. Nikasimama pembeni, nikaangalia chini mpaka ikapita.

Feri ilikuwa imejaa, lakini magari ya raia yakarudishwa nyuma ili ile Landrova iingie. Koplo aliyekuwa zamu kivukoni akaipigia saluti. Alikuwa kijana, amehamishiwa Kigongo miezi miwili tu kabla, katokea Tabora. Mama Mkwe hakuwahi kuijua.

Huyo ndiye Koplo Chenge.

Feri ikaondoka. Nikakumbuka Bernadeta. Yuko ng'ambo. Yuko kwenye ile barabara wanayoiendea.

Nikamfuata yule koplo. Nikamwambia, "Afande, ile gari si yenu. Ilishauzwa mnada. Wale si polisi."

Akanicheka. Akasema, "Mzee, nenda kanywe chai. Mambo ya polisi waachie polisi."

Hivyo ndivyo nilivyoeleza msibani. Hivyo ndivyo nilivyoandikisha maelezo.

Nikakaa juu ya jiwe nikasubiri.

Feri ya kwanza ikarudi. Lori mbili za mihogo, basi moja. Pikapu haimo. Nikajiambia bado mapema, gari za Geita zinachelewa.

Feri ya pili ikarudi. Nikahesabu magari kabla haijagusa nchi kavu. Haimo. Mama mmoja muuza samaki akaniambia, "Baba, mbona unatoka jasho hivyo na upepo wote huu?" Nikamwambia nina malaria.

Ya tatu ilichelewa. Ilikaa ng'ambo muda mrefu, sisi tunaiona imesimama tu, ndogo kama kiberiti. Watu wakaanza kunung'unika. Nilikuwa nimekamata kanga niliyomletea Bernadeta ajifunike na homa yake. Nilikuwa nimeikamata mpaka vidole vikafa ganzi.

Ilipofika, pikapu ilikuwa ya mbele.

Kioo hakipo. Dereva analia huku anaendesha, mdomo wazi kama mtoto.

Wilhelmina akashuka nyuma. Alikuwa amevaa blauzi na gagulo tu. Mwanamke wa heshima zake, mbele ya umma wa watu wa feri, amesimama na gagulo.

Kitenge chake kilikuwa kule nyuma ya pikapu. Kimemfunika mtu.

"Shemeji," akasema. "Usipande. Shemeji, nisikilize kwanza."

Sikupanda. Niliiona miguu, nikaijua.

Wilhelmina alinieleza siku ya pili yake, msibani, sauti imemkauka.

Walikuwa watu kumi na moja. Wamepita Sengerema, wanaikaribia Busisi. Kwenye kona wakaiona Landrova ya polisi imeegeshwa katikati, mtu ananyoosha mkono wasimame.

Dereva hakutaka. Siku zile barabara ile ilikuwa na sifa mbaya. Akasema, "Mimi napita pembeni, sisimami."

Bernadeta akagonga paa la pikapu.

"Simama, dereva. Ile naijua, ni Mama Mkwe. Gari ya mume wangu ile. Hebu ona, S yangu ile pale."

Dereva akasimama.

Wakashushwa, wakalazwa kifudifudi. Kulikuwa na mchimbaji mmoja ana dhahabu yake amefunga kiunoni, inaelekea ndiye waliyemfuata. Wakaichukua. Wakataka kuondoka. Wilhelmina anasema yangeishia hapo, wote wangekuwa wazima.

Lakini Bernadeta alikuwa amelala kifudifudi, na macho ya aliyelala chini yanaona nini? Yanaona miguu.

Akainua kichwa.

"Nyie si polisi," akasema. "Afande gani anavaa katambuga?"

Wilhelmina anasema hakupaza sauti. Alisema kama anavyomwambia mteja kwamba hiyo suruali haimtoshi.

Risasi ilikuwa moja.

Sasa sikilizeni, na wewe Modesta sikiliza, maana haya yote nimeyaandika kwa ajili ya kufika hapa.

Pale juu nilipoandika kwamba nilimwambia baba yako, nimedanganya. Nimedanganya humu leo kama nilivyodanganya msibani. Nilitaka kuona kama mkono utaweza kuandika kweli. Haukuweza, ukaandika ule uongo wa miaka yote.

Kweli ni hii.

Nilimfuata baba yako. Hiyo ni kweli. Nilisimama mbele yake, nikafungua mdomo.

Akaniambia, "Shikamoo mzee. Una shida?"

Kichwani nikaiona ile karatasi chini ya kiti. Nikaiona sahihi yangu.

Nikamwambia, "Marahaba, afande. Naulizia tu feri inarudi saa ngapi, namsubiri mke wangu."

Akaniambia. Akaona natetemeka, akanionyesha jiwe nikakae kivulini. Baada ya feri ya kwanza akaniletea kipande cha muhogo wa kuchemsha kwenye gazeti, akasema, "Kula mzee, mama atafika tu."

Saa tatu nzima alikuwa hatua ishirini kutoka kwangu. Pale kwao kulikuwa na simu ya upepo ya kuwaita wenzao wa ng'ambo. Ningeweza kumwita wakati wowote. Kila nilipotaka kuinuka nilijiambia, ngoja feri ijayo. Pengine pikapu imeharibika. Pengine wamelala Sengerema. Pengine wale hawana mpango na pikapu ya mitumba.

Msibani watu wakaniuliza: ulikuwa Kigongo, gari ilipita mbele yako, hukuiona? Nikasema niliiona. Wakauliza, hukusema? Na pale mbele yangu amelala mwanamke aliyesema.

Nikajibu, "Nilimwambia koplo. Akanicheka."

Ilitoka nyepesi kabisa. Wote wakaamini, maana nani hakuwahi kuchekwa na mwenye sare? Wakaja wa kuandika maelezo, nikarudia. Baba yako akasema hakuambiwa kitu. Nani angemwamini afande mbele ya mgane aliyevaa shati la kuazima?

Wakamvua ile sare.

Mama Mkwe ilikutwa mwezi wa kumi porini, imechomwa moto. Karatasi za chini ya kiti ziliungua humo, ila hilo nilikuja kulijua baadaye sana. Miaka mitatu nilihofia karatasi ambayo imeshakuwa majivu. Wale watu hawakushikwa hata mmoja.

Ndalahwa je? Alistaafu na sherehe. Niliwahi kumfuata nikamuuliza rangi iliyoandikwa kwenye ile karatasi ilikwenda wapi. Akaniambia, "Masele, wewe ndiye ulitia sahihi." Mpaka leo namlaumu, na nitakufa namlaumu. Waliouza gari ya serikali imepakwa chokaa na buluu ya kufulia, nawalaumu. Aliyewapa wezi jina la Mama Mkwe, ambaye lazima alikuwa mmoja wetu, namlaumu.

Ila hao wote hawakuwepo Kigongo ile asubuhi. Nilikuwepo mimi.

Kama mnataka funzo, basi ni hili: ukiona kiatu hakifanani na sare, sema. Sema huku unatetemeka, sema vibaya, lakini sema. Mke wangu alikuwa na homa, amelala kwenye vumbi, bunduki juu yake, akasema. Mimi nilikuwa nimesimama, mzima, na polisi wa kweli ananipa muhogo.

Modesta, baba yako nilikutana naye mara moja tu baada ya hapo. Mwaka 2004, sokoni Mabatini, anauza kufuli na betri za redio. Nilitaka kupita upande wa pili, akaniona.

Hakunitukana. Aliniamkia vizuri, kama ile siku. Akanifungia betri mbili kwenye gazeti, akakataa kulipwa.

Kisha akaniuliza kitu kimoja. Nilibaki nimeangalia chini, nikaondoka bila kumjibu, na sasa wewe umeandika kwamba amekwishafariki. Wakubwa hawawezi kulijibu hilo swali. Wilhelmina hawezi. Mimi nimejaribu miaka yote hii, siwezi.

Alisema, "Mzee Masele, kama ungeniambia kweli, unadhani nisingekusikia?"